Mabomba Juu ya Dari

Alfajiri ya tarehe 9 Februari 1971 ardhi ilitikisika katika bonde la San Fernando, kaskazini mwa Los Angeles. Hospitali ya Olive View ilikuwa jengo jipya kabisa. Minara yake ya ngazi ilibanduka ubavuni ikaanguka, na nguzo za ghorofa za chini zikapinda vibaya hata jengo zima likaja kubomolewa. Si mbali na hapo, hospitali ya askari wastaafu, ya zamani zaidi, iliporomoka ikaua watu zaidi ya 40. Mwaka 1973 jimbo la California likatunga sheria: hospitali mpya zisiishie kusimama tu, ziendelee na kutibu watu baada ya tetemeko.

Olive View ikajengwa upya, safari hii kwa kuta za chuma. Tetemeko la Northridge la tarehe 17 Januari 1994 likaja kuipima. Mifupa ya jengo haikutetereka, lakini mabomba yaliyopita juu ya dari yalikatika, maji yakamwagika wodini, na wagonjwa wakahamishwa. Jengo lilibaki zima, huduma ikasimama. Mwaka huohuo ikapitishwa sheria nyingine, SB 1953, iliyozipa hospitali za jimbo lote muda wa kuimarisha majengo yao ya zamani, kujenga mapya, au kuacha kulaza wagonjwa humo.

Kwa Sutter Health, shirika lisilo la kibiashara lenye mtandao wa hospitali kaskazini mwa California, sheria hiyo ilikuwa na maana ya ujenzi wa mabilioni ya dola ndani ya miaka michache. Na wakubwa wa Sutter walikuwa wameshaujua ujenzi wa hospitali ulivyo: bajeti huvimba, tarehe husogea, na mwisho wa yote wanasheria ndio wanaokula.

Ukitaka kujua kwa nini hali huwa hivyo, achana na nguzo na kuta. Inua macho kwenye korido ya hospitali, uwaze kilichopo kati ya dari na sakafu ya ghorofa inayofuata. Ni nafasi ya futi chache. Humo zinapita njia za hewa pana kama kabati, mabomba ya oksijeni, mabomba ya maji ya kuzimia moto, trei za nyaya za umeme na za mawasiliano, na vyuma vya kuyashikilia hayo yote yasicheze wakati wa tetemeko. Bomba la maji taka nalo lina masharti yake: lazima liwe na mteremko, na mteremko haubishaniwi. Kila kimoja kati ya hivyo kilichorwa na mhandisi wake, katika ofisi yake, kwenye karatasi yake. Zamani watu walitandaza karatasi angavu juu ya meza yenye taa, moja juu ya nyingine, wakakaza macho kutafuta mahali mistari inapogongana. Waliyoyakosa mezani aliyapata fundi juu ya ngazi, bomba likiwa mkononi na njia ya hewa imeshafungwa palepale lilipotakiwa kupita.

Aliyewahi kujenga hata nyumba ya vyumba vitatu anamjua fundi umeme anayefumua lipu iliyopigwa juzi. Kwenye hospitali, kufumua huko kuna utaratibu wake. Fundi anamwambia msimamizi, msimamizi anamwandikia msanifu, msanifu anamuuliza mhandisi, barua inarudi baada ya wiki mbili, na mkandarasi anaambatanisha madai ya gharama za ziada. Watu wamekaa, wanalipwa.

Dawa ya ugonjwa huu ilikuwapo California hiyohiyo, ila ilikuwa inatibu magari. Kule Fremont, kusini mwa Oakland, General Motors walikuwa wamefunga kiwanda chao mwaka 1982 baada ya miaka ya migogoro na utoro kazini. Mwaka 1984 kikafunguliwa tena kwa ubia na Toyota, kwa jina la NUMMI. Wafanyakazi wengi walikuwa walewale wa zamani. Kilichobadilika ni utaratibu, na muda si muda magari yaliyotoka pale yakawa ya kusifiwa.

Utaratibu wenyewe ulikuwa na historia ndefu. Sakichi Toyoda, mwanzilishi wa ukoo wa viwanda wa Toyota, alitengeneza mtambo wa kufuma unaosimama wenyewe uzi ukikatika, ili kitambaa kibovu kisiendelee kufumwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Taiichi Ohno, mhandisi wa kiwandani aliyekulia kwenye upande huo wa nguo kabla ya kuhamia magari, alikabiliwa na kampuni isiyo na fedha za kurundika vipuri. Akavutiwa na maduka makubwa ya Marekani, ambako rafu hujazwa tu pale mteja anapotoa kitu. Akageuza kiwanda kiende hivyo: kituo cha mbele kinachukua kinachohitaji, cha nyuma kinatengeneza kilichochukuliwa tu. Alitaja aina saba za upotevu, zikiwemo kusubiri, kuhamishahamisha vitu, kurundika na kasoro. Ule aliouchukia kuliko wote ni kuzalisha kupita mahitaji, kwa kuwa rundo la vitu visivyoombwa ndilo linaloficha upotevu mwingine wote. John Krafcik, mhandisi aliyewahi kufanya kazi NUMMI kisha akaenda kusoma MIT, ndiye aliyeupa mfumo huo jina la lean mwaka 1988. Miaka miwili baadaye kitabu cha watafiti wa MIT kikausambaza duniani.

Watanzania waliukuta kwa mlango mwingine. Mwaka 2007 Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza kupanga stoo na wodi zake kwa mtindo wa S tano (5S) kutoka Japani, na leo mabango yake yanaonekana kwenye hospitali nyingi nchini. Asili ni hiyohiyo ya viwanda vya Japani.

Ujenzi ulichelewa kusikia. Wakandarasi walikuwa na jibu lao tayari: gari ni lilelile kila siku, jengo ni tofauti kila mara. Aliyewatikisa ni Lauri Koskela, mtafiti kutoka Finland, ambaye mwaka 1992, akiwa mgeni katika Chuo Kikuu cha Stanford, aliandika ripoti iliyosema kwamba wajenzi wanahesabu kazi za kugeuza malighafi kuwa ukuta, lakini hawaoni mtiririko uliopo katikati: kusubiri, kukagua, kubeba, kurudia. Kwa kuwa hawauoni, hawausimamii. Mwaka uliofuata kikundi kidogo kilikutana Espoo, Finland, na mikutano hiyo haijakoma hadi leo.

Wamarekani wawili, Glenn Ballard na Greg Howell, walikuja na kipimo rahisi cha kuaibisha. Walichukua mipango ya kazi ya wiki kwenye miradi mbalimbali, wakahesabu ni kazi ngapi kati ya zilizoahidiwa zilimalizika kweli. Zilikuwa karibu nusu. Wala haukuwa uvivu: kazi zilikuwa zikipangwa kabla vifaa havijafika, michoro haijakamilika, au fundi wa mbele hajatoka. Wakaanzisha utaratibu ambao msimamizi wa mafundi, yule wa mwisho kabisa kwenye ngazi ya mipango, ndiye anayetoa ahadi ya wiki, na ana haki ya kukataa kazi ambayo vikwazo vyake havijaondolewa. Mwaka 1997 wakaunda taasisi ya kuufundisha.

Sasa turudi kwenye michoro, maana nayo ilikuwa na safari yake. Mwaka 1975 Charles Eastman, mhadhiri wa Carnegie Mellon, aliandika makala iliyouliza kwa nini jengo lielezwe kwa mamia ya karatasi zinazorudia kitu kilekile. Alipendekeza jengo moja ndani ya kompyuta, lenye kuta na mihimili inayojijua kuwa ni kuta na mihimili. Ukibadilisha kitu mara moja, michoro yote ibadilike, na hesabu ya vifaa itoke humohumo. Kompyuta za wakati huo hazikuweza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Gábor Bojár na wenzake huko Hungaria, waanzilishi wa Graphisoft, walitengeneza modeli za mabomba ya kinu cha nyuklia cha Paks kwa kompyuta duni mno, na baadaye wakauza programu ya ArchiCAD kwa wasanifu wa dunia nzima. Revit ilitoka Marekani mwaka 2000. Autodesk wakainunua mwaka 2002 kwa dola milioni 133, na hapo jina la BIM, yaani modeli ya taarifa za jengo, likaenea maofisini.

Kwa maoni yangu miaka hiyo ya mwanzo ilipotea bure kwa sehemu kubwa. Ofisi zilinunua programu zenye wazo la Eastman lakini zikabaki na tabia za meza yenye taa. Msanifu alikuwa na modeli yake, mhandisi wa nguzo ya kwake, wa mabomba ya kwake. Kila mmoja alijifungia mwezi mzima akiichonga, kisha akaituma ikiwa kubwa na imeshapitwa na wakati, na anayeipokea akaanza upya kwa sababu hakuiamini. Vitasa vya milango vilichorwa mpaka skrubu kabla haijajulikana nani atakaa chumba kile. Ohno angelitambua rundo hilo mara moja. Tofauti ni kwamba la kiwandani linazuia njia na watu wanajikwaa, na la kwenye seva halimzuii mtu kupita.

Walioziunganisha njia hizo mbili, ya Toyota na ya Eastman, walikuwa wachache. Mmoja wao alikuwa GM yenyewe, iliyoonja dawa kule Fremont: katikati ya miaka ya 2000 ilitaka kupanua haraka kiwanda cha injini huko Flint, Michigan, na kampuni ya usanifu ya Ghafari ikaongoza kazi kwa modeli za pamoja. Mifumo iligonganishwa kwenye skrini na kurekebishwa hapohapo, vipande vingi vikatengenezwa nje ya saiti, na migongano ya mabomba na vyuma haikuzaa madai ya gharama za ziada.

Huko California, Sutter walikuwa wameshaanza. Mwaka 2004 walitangaza kwa wasanifu na wakandarasi wao kwamba kuanzia hapo watajenga kwa kanuni za lean, za kubana upotevu. Mwanasheria Will Lichtig akaandika mkataba wa kuendana na hilo. Badala ya mwenye jengo kusaini na msanifu upande mmoja na mkandarasi upande mwingine, wote wanasaini karatasi moja. Gharama zao halisi zinalipwa, ila faida zao zinawekwa kapu moja: mradi ukivuka bajeti, kapu linaliwa, ukibakiza, wanagawana. Mhandisi wa hewa akimkosesha fundi bomba usingizi, anajikosesha mwenyewe.

Mradi uliowafumbua wengi macho ulikuwa kituo cha afya cha Camino huko Mountain View, cha karibu dola milioni 97, kilichofunguliwa mwaka 2007. Mkandarasi DPR aliwaweka wachoraji wa makampuni ya mabomba, hewa, umeme na maji ya kuzimia moto katika chumba kimoja, kompyuta zao zikiwa kwenye mtandao mmoja. Modeli zote zilikutanishwa kwenye programu ya kukagua migongano na kuoneshwa ukutani mbele ya wote. Mahali bomba linapopenya njia ya hewa panaonekana, wahusika wawili wamekaa viti vya jirani, mmoja anasema nashuka kidogo, mwingine anasema mimi nahama upande, na neno limekwisha. Barua ya wiki mbili ikawa mazungumzo ya dakika chache. Watafiti waliofuatilia kazi hiyo waliripoti kuwa mifumo ilipofungwa saitini haikugongana hata mara moja. Kazi ya kurudia kwa mkandarasi wa hewa ilikuwa chini ya asilimia 0.2, mkandarasi wa mabomba ya maji alitengeneza mabomba yake yote karakana, akaja kuyaunga tu. Nguvukazi iliyookolewa ilikuwa kati ya asilimia 20 na 30. Takwimu hiyo ya karakana ndiyo ninayoipenda zaidi. Huwezi kukata bomba karakana, kilomita nyingi kutoka saiti, kama huiamini modeli, na huwezi kuiamini kama aliyeichora ni mhandisi ambaye hajawahi kushika bomba. Pale Camino walioichora ni watu wa makampuni yaleyale yaliyokwenda kulifunga.

Kisha ikaja Castro Valley. Hospitali ya Eden ya mji huo, iliyojengwa miaka ya 1950, ilikuwa karibu na ufa wa Hayward, mojawapo ya nyufa za ardhi zinazoogopwa zaidi California. Kutoka hapo hadi lango la NUMMI ni mwendo wa chini ya saa moja kwa gari. Sutter waliamua kujenga mpya kando ya ile ya zamani: vitanda 130, bajeti dola milioni 320 isiyovukwa, na muda uliopunguzwa kwa karibu theluthi ukilinganisha na hospitali ya ukubwa huo. Makampuni 11, pamoja na Sutter wenyewe, yalitia saini mkataba mmoja. Ghafari, wale wa kiwanda cha Flint, walikuwa mmoja wao.

Jambo la kushangaza ni kwamba hawakukimbilia kuchora. Walianza kwa kuchora namna watakavyochora. Walianzia mwisho, kwenye kibali cha jimbo, wakarudi nyuma hatua kwa hatua: ili ofisi ya serikali ipitishe misingi inahitaji kuona nini, ili mhandisi wa nguzo aoneshe hicho anahitaji uzito gani wa mashine, ili uzito huo ujulikane nani lazima achague mashine, na lini. Kila hatua ilikuwa na mpokeaji mwenye jina. Kitu kisicho na mpokeaji hakikuwa na sababu ya kuchorwa. Walipatana na ofisi ya jimbo yenyewe ikubali kukagua kwa awamu kadiri usanifu unavyokwenda, kinyume na desturi ya kusubiri mzigo mzima wa michoro na kuukalia miezi.

Hapa ndipo kanuni za Toyota zilipoacha kuwa mabango na kuwa namna ya kuendesha modeli. Mafaili yaliwekwa kwenye hifadhi moja waliyoifikia wote. Badala ya kutuma modeli nzima mara moja kwa mwezi, waliweka mabadiliko madogo mara kwa mara, kwa hiyo kosa halikupata muda wa kuzaa watoto. Mgongano ukionekana, eneo hilo linasimama mpaka utatuliwe, kama mtambo wa Sakichi ulipokatikiwa na uzi. Wakadiriaji walitoa hesabu za vifaa kutoka kwenye modeli zilezile kila baada ya muda mfupi, hivyo bajeti ikawa inaongoza usanifu ungali laini. Maamuzi mengine waliyaacha wazi kwa makusudi hadi siku ya mwisho ambayo bado ni salama kuamua. Kuwahi kuamua bila taarifa ni kujitafutia kazi ya kurudia. Na kila wiki walihesabu ahadi zilizotimizwa, kama Ballard na Howell walivyofundisha, ila ahadi zenyewe sasa zilikuwa za wachoraji. Mchoraji aliyeshindwa hakugombezwa. Aliulizwa alisubiri nini kwa nani.

Sitaki kuupamba mradi huo. Walitumia programu za makampuni mbalimbali, na kuzifanya zielewane ilikuwa kazi yenyewe. Kukusanya watu wa makampuni 11 chumba kimoja mara kwa mara ni gharama, na si kila mhandisi hupenda mwenzake aione kazi yake ikiwa nusu. Hata hivyo Desemba 2012 hospitali mpya ilianza kupokea wagonjwa. Ile ya zamani ikabomolewa. NUMMI yenyewe ilikuwa imeshafungwa tangu Aprili 2010, na jengo lake likachukuliwa na Tesla.

Wasomi walikuwa wakifuatilia. Mwaka 2010 Rafael Sacks wa Technion, Israeli, akiwa na Koskela na wenzao wawili, alichapisha jedwali lililoweka kanuni za kubana upotevu upande mmoja na uwezo wa BIM upande mwingine, na kutafuta zinapokutana. Walipata sehemu 56. Zote zilikuwa za kusaidiana, isipokuwa nne. Wengi huzinukuu zile 52 kwa furaha. Mimi huishia kwenye zile nne. Kompyuta inayotoa michoro 30 kwa kubofya mara moja itatoa pia michoro 30 ambayo hakuna aliyeiomba, na kila toleo jipya linalotumwa ni karatasi nyingine ya mtu kulinganisha na ya jana.

Uingereza walilichukua jambo hilo kwa ukali wa kiserikali. Mkakati wao wa ujenzi wa mwaka 2011 ulitaka miradi ya serikali kuu itumie BIM ifikapo 2016. Mwongozo wa viwango uliotoka mwaka 2013, PAS 1192-2, ulizitaja kanuni za kubana upotevu waziwazi, ukaorodhesha upotevu wa taarifa kama Ohno alivyoorodhesha wa kiwandani: kusubiri na kutafuta taarifa, kuizalisha bila matumizi yanayojulikana, kuichakata kupita kiasi kwa sababu tu teknolojia inaruhusu, na kasoro zinazotokana na uratibu mbovu. Nadhani kipengele hicho cha tatu kiliandikwa na mtu aliyechoshwa na vitasa vyenye skrubu.

Kilichonisikitisha ni kwamba kilichosafiri ni viwango, mkataba ukabaki nyuma. Serikali nyingi zilidai modeli huku zikiendelea kusaini na msanifu peke yake na mkandarasi peke yake, kila mmoja na faida yake ya kulinda. Katika mazingira hayo modeli inageuka ushahidi wa mahakamani: mtu anaificha mpaka ikamilike, anaijaza kila kitu ili asilaumiwe kwa kupungua, na anaambatanisha onyo kwamba isitumike kwa kujengea.

Mwaka 2018 sehemu mbili za kwanza za kiwango cha kimataifa cha ISO 19650 zilichukua nafasi ya mwongozo huo wa Uingereza. Humo, mazoea ya kudai modeli yenye kila kitu hayapewi nafasi. Mwenye mradi anatakiwa, kabla hajaajiri mtu wa kuchora chochote, aeleze taarifa anayoitaka ni ya kazi gani, iwe na undani wa kiasi gani, na ifike lini. Zaidi ya hapo inahesabiwa kuwa upotevu.